Kukokotoa Urefu wa Tao na Eneo la Sekta kwa Kutumia Radiani

Kabla ya kukariri kanuni yoyote, elewa kwanza maana ya radiani, kwa sababu kanuni zote mbili tunazozihitaji zimo ndani yake. Chukua duara lenye nusukipenyo r, kisha upime kwenye mzingo wake tao lenye urefu uleule wa r. Pembe inayofanyika kwenye kitovu, kati ya mistari miwili inayokwenda kwenye ncha za tao hilo, ndiyo radiani 1, nayo ni takriban nyuzi 57.3. Kwa hiyo pembe θ iliyopimwa kwa radiani hutueleza tao lake lina urefu wa nusukipenyo ngapi, na urefu wa tao hupatikana kwa kuzidisha tu: s = rθ.

Eneo la sekta, yaani kipande cha duara kilicho kati ya nusukipenyo mbili na tao, hufuata njia hiyohiyo. Mzunguko mzima una radiani 2π, hivyo sekta yenye pembe θ ni sehemu θ/2π ya duara lote, na tukizidisha sehemu hiyo kwa πr² tunapata A = ½r²θ. Kwa kuwa rθ ni s, tunaweza pia kuandika A = ½rs, umbo ninalolipenda zaidi kwa sababu linafanana na eneo la pembetatu yenye kitako s na kimo r.

Tuseme nusukipenyo ni sentimita 12 na pembe ni nyuzi 150. Geuza kwanza nyuzi kuwa radiani kwa kuzidisha kwa π/180, upate 5π/6. Tao lina urefu wa 12 × 5π/6 = 10π, yaani takriban sentimita 31.4, na eneo ni ½ × 12 × 10π = 60π, takriban sentimita za mraba 188.5. Mwanafunzi anayeruka hatua ya kugeuza na kuweka 150 moja kwa moja atapata tao la sentimita 1,800, ilhali mzingo wote wa duara hilo hauzidi sentimita 75.4, ndiyo maana ni vizuri kulinganisha jibu na mzingo kila mara.

Maswali magumu zaidi huanza upande wa pili. Sekta ina eneo la sentimita za mraba 50, na jumla ya urefu wa kingo zake zote ni sentimita 30: tafuta pembe yake. Kingo hizo ni nusukipenyo mbili na tao, kwa hiyo s = 30 − 2r. Weka thamani hiyo katika ½rs = 50, upate r² − 15r + 50 = 0, ambapo r ni 5 au 10. Nusukipenyo ikiwa 5, tao ni 20 na pembe ni radiani 4. Ikiwa 10, tao ni 10 na pembe ni radiani 1. Usikimbilie kutupa jibu mojawapo, kwani pembe zote mbili ni ndogo kuliko 2π, ambayo ni takriban 6.28, na kwa hiyo sekta zote mbili zinawezekana.