Jinsi ya Kujiandaa kwa Kipimo cha Gastrini na Kuyaelewa Majibu Yake

Gastrini ni homoni inayotolewa hasa na seli za sehemu ya chini ya tumbo ili kuliamrisha tumbo litoe asidi. Asidi ikitosha, gastrini hupungua. Asidi ikikosekana, hupanda. Ukilishika jambo hilo, majibu ya maabara hayatakutia hofu bure.

Kabla ya kipimo, kusanya dawa zote unazomeza umwoneshe daktari. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa Mombasa mtu mwenye kiungulia hununua omeprazoli dukani bila cheti, akaimeza miezi na miezi, kisha akiulizwa kama anatumia dawa yoyote hujibu hapana, ilhali pakiti ya vidonge vya miligramu 20, vimebaki viwili tu, imo mkobani mwake. Dawa hiyo huzuia asidi, na ndiyo maana gastrini hupanda. Daktari huenda akakutaka uiache kwa takriban wiki moja, lakini usiiache kwa uamuzi wako, kwani mwenye vidonda vikali anaweza kuvuja damu tumboni.

Damu hutolewa baada ya kufunga kwa saa 12. Ukila saa mbili usiku, fika maabara saa mbili asubuhi, na mahamri kwa mbaazi yasubiri mpaka utoke. Aliyekula daku saa kumi alfajiri hajatimiza muda huo ifikapo adhuhuri.

Kiwango cha kawaida huwa chini ya pikogramu 100 kwa mililita. Kikizidi, mbali na dawa, sababu yaweza kuwa bakteria wa Helicobacter pylori, figo zilizoshindwa kufanya kazi, au kuchakaa kwa ukuta wa tumbo, hali inayokausha asidi na kumnyima mtu vitamini B12 hadi akapungukiwa na damu. Mara chache sana huwa ni gastrinoma, uvimbe wa kongosho au wa mwanzo wa utumbo mwembamba, ambao madaktari wapasuaji Zollinger na Ellison walieleza athari zake mwaka 1955: vidonda vinavyorudi kila vikitibiwa, pamoja na kuharisha.

Kwa hiyo muulize daktari kama asidi ya tumbo nayo itapimwa. Gastrini iliyopita pikogramu 1,000 kwa mililita katika tumbo lenye pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) chini ya 2 huelekeza kwenye gastrinoma. Idadi hiyohiyo katika tumbo lisilo na asidi huelekeza kwenye kuchakaa kwa ukuta wake. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usingoje majibu; nenda hospitali saa hiyohiyo.