Wasiwasi wa udhu, sala na imani: namna ya kuukata

Mwenye wasiwasi hujulikana birikani. Imamu ameshakwenda rukuu, yeye bado anaosha mkono wa kulia, mara ya saba, na kiwiko kimeanza kuchubuka. Maelezo haya ni yake, na ya nduguze wanaogonga mlango wa choo. Hukumu zilizomo ni za madhehebu ya Imamu Shafi, ndiyo yanayofuatwa Lamu. Mfuasi wa madhehebu mengine atakuta tofauti hapa na pale.

Kanuni ni moja: yakini haiondolewi na shaka. Una yakini ulitia udhu, huna yakini kama umetenguka, basi udhu unao. Hadithi ya Bukhari na Muslim inasema mtu asiiache sala yake mpaka asikie sauti au apate harufu. Upande wa pili watu huusahau: una yakini ulikwenda chooni, hukumbuki kama ulitia udhu baada ya hapo, basi huna udhu, katie.

Sasa maji. Funga mfereji, kwa sababu maji yasiyokwisha ndiyo chakula cha wasiwasi. Jaza chombo cha lita moja, uwe ndio huo mgao wako. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja na akikoga kwa pishi, yaani vibaba vinne, hadi vitano. Kibaba hicho ni baina ya nusu lita na robo tatu ya lita, kwa hiyo lita moja ina ziada. Aliyezoea kumaliza ndoo nzima aanze na lita tatu wiki ya kwanza, mbili wiki ya pili, kisha moja.

Mimina kwa kopo, usichovye mkono ndani ya ndoo. Kwa Shafi, ukishaosha uso kisha ukatia mkono katika maji machache bila nia ya kuteka, maji yale huwa mustaamali, yaani yamekwishatumika na hayafai tena kutilia udhu, na hapo umejizalia wasiwasi mpya. Faradhi ni sita tu: nia, nayo ikutane na mwanzo wa kuosha uso, kuosha uso, mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpango huo. Yaliyobaki ni sunna. Mara tatu kila kiungo ndiyo mwisho, na kuzidisha ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza. Ukishuku ni ya pili au ya tatu, ihesabu ya pili, ongeza moja, hama kiungo. Mkono uhame hata kama moyo haujaridhika, kwa sababu moyo wa mwenye wasiwasi hauridhiki kwa maji. Ukishuku kiungo fulani ungali katikati ya udhu, kirudie na kilichokifuata. Shaka ikija baada ya kumaliza, iache.

Maji hukosa kweli mahali pawili, kisiginoni na nyuma ya kiwiko. Pasugue kwa kiganja mara moja. Fundi wa mashua asihofu mafuta ya sifa, yale ya samaki yanayopakwa mashua, mkononi, kwani mafuta hayazuii maji. Rangi, lami na gundi iliyoganda ndiyo ya kubandua kwanza.

Birika la msikiti nalo husingiziwa mengi. Maji yakifika kiasi cha lita 200 (fikiria tangi la sentimita 60 kwa kila upande) hayanajisiki mpaka yageuke rangi, ladha au harufu, na birika nyingi zimekipita kiwango hicho mbali. Samaki wadogo wanaowekwa humo kula viluwiluwi vya mbu hawaharibu kitu maadamu maji hayajageuka. Ndoo ni jambo jingine: maji machache hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Lakini iwe umeiona ikiingia. Kudhani hakutoshi.

Kuchamba kuwe na mwisho. Subiri mkojo ukatike, kohoa au nyanyuka kidogo ukihitaji, osha, kisha nyunyiza maji machache kwenye nguo ya ndani. Ukihisi unyevu baadaye, sema ni yale maji uliyonyunyiza. Kuinama na kuchungulia ni marufuku. Anayechungulia hupata anachokitafuta.

Na punda? Kwa mwenye wasiwasi, kutoka mtaa wa Mkomani kwenda wa Langoni, humu humu Lamu, ni safari ya kuvuka najisi, kwani kinyesi cha punda ni najisi kwa Shafi na vichochoro ni vyembamba. Wanavyuoni wa madhehebu hayohayo wameshalitolea jibu. Tope la njiani usilolijua hali yake, asili yake ni tohara, yaani ni safi. Lililojulikana kuwa na najisi husamehewa kwa kiasi kisichoepukika, kama matone kwenye upindo wa kanzu. Kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi inayohama. Ukikanyaga kinyesi kibichi, hilo halina msamaha: osha mpaka kiondoke pamoja na rangi na harufu, na doa likikataa baada ya kusuguliwa vizuri, limesamehewa. Kuosha kanzu nzima kwa ajili ya upindo ni wasiwasi.

Katika sala, penye kukwama zaidi ni takbiri ya kuhirimia, ile ya kufungulia sala. Mtu anasema “Allahu Akbar”, anaona nia haikukaa, anasema tena, na tena. Haya yana hatari yake katika fikihi: akikusudia kufungua sala kila mara, takbiri ya kwanza humwingiza, ya pili humtoa, ya tatu humwingiza. Akiishia na ya nne, yuko nje ya sala na anarukuu na wenzake. Dawa yake: kabla ya kuinua mikono jiulize, “Nataka kusali nini?” Ukijua kwamba ni faradhi ya adhuhuri, nia umeshaipata. Mahali pake ni moyoni. Kuitamka ni msaada tu. Ghazali na Nawawi, wanavyuoni wakubwa wa Kishafi, walitosheka na nia kukutana na takbiri kwa kawaida ya watu, bila kupimwa herufi kwa herufi. Takbiri moja, kisha Fatiha.

Ukishuku rakaa ni tatu au nne, shika tatu, ongeza moja, sujudu mara mbili za kusahau kabla ya salamu. Shaka ikija baada ya salamu haina kazi, isipokuwa ikiwa ni juu ya nia au takbiri ya kuhirimia. Kwa aliyezama katika wasiwasi, fuata aliyoyasema Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya 16, alipoulizwa dawa yake: kuupuuza moja kwa moja, hata kama nafsi inasitasita.

Nyumbani huharibu kwa huruma. Mgonjwa anauliza, “Mama, umeniona nimeosha mguu?” na mama anajibu ndiyo, mara ishirini kwa siku. Jibu moja latosha. La pili ni kuni motoni. Kuzunguka kwa maalimu huyu na yule kutafuta fatwa ileile ni ugonjwa uleule. Chagua mmoja, mpe ahadi ya kumfuata. Wanaopenda kunywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, wanywe, lakini lisiwe sababu ya kuchelewa hospitali. Madaktari wanayajua maradhi haya ya mawazo na vitendo vya kujirudia: yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakimkosesha mtu kazi na masomo, yatibiwe. Tiba yenyewe inafanana na hayo ya juu: mtu hugusa anachokihofu, hazuii hofu, haoshi, anangoja ishuke yenyewe. Vidonge vipo pia, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, pengine 8 hadi 12. Wengi huviacha wiki ya pili wakisema havifai.

Wasiwasi huo hupanda pia kwenye imani. Kijana mcha Mungu anajiwa na tusi juu ya Mola wake katikati ya sijida, naye anatetemeka akidhani amekufuru. Masahaba waliwahi kulalamika kwa Mtume kwamba wanayakuta nafsini mambo mazito hata kuyatamka, akawaambia hiyo ndiyo imani bayana. Hapo atafanya kama kwenye udhu: audhu moja, yaani kumwomba Mungu kinga na shetani, kisha aendelee na alilokuwa akilifanya. Asirudie shahada mara mia. Hiyo ni kuosha mkono kwa ulimi.

Lakini usimtibu kwa dawa hiyo kijana anayeuliza kwa utulivu kwa nini mtoto asiye na dhambi anaumwa, au anayesema wazi kwamba haamini. Alama ya wasiwasi ni kwamba fikira humchukiza mwenyewe na hujirudia bila kutaka jibu. Huyu anayeuliza anataka jibu, na “sema audhu” humfundisha tu kunyamaza. Mketishe na mtu mmoja, si baraza zima. Aandike maswali yake, kila moja karatasi yake, na kila karatasi iende kwa anayelijua jambo: la mirathi kwa mwanafikihi, la asili ya viumbe kwa mwalimu wa bayolojia. Maalimu asiyejua aseme hajui. Ghazali mwenyewe alikaa karibu miezi miwili akishuku hata anachokiona kwa macho.

Asiporudi kwenye imani, kumbuka kwamba kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume na imani yake, na vitisho humfanya asali mbele yenu tu. Kubalianeni mambo ya kila siku mapema: mchana wa Ramadhani atakula wapi, mgeni akija ataambiwa nini, nani anajua na nani hajui. Na jioni sinia ikiwekwa, aitwe kwa jina lake kama kawaida.