Mkataba wa biashara huria: ya kuweka sawa kabla timu haijaondoka Dodoma

Hombolo, mkoani Dodoma, wakati wa mavuno, vichala vya zabibu hukatwa asubuhi na mapema, kreti hupangwa kivulini, na mazungumzo yote huishia kwenye swali moja: gari la mnunuzi linakuja leo au kesho? Zabibu ikishakatwa haina subira. Siku mbili za jua la Dodoma zinatosha kuigeuza kuwa hasara, na mkulima anajua kwamba mnunuzi naye analijua hilo.

Naanzia hapo kwa sababu timu nyingi za majadiliano huanzia Mtumba, kwenye ofisi za wizara, mbele ya kompyuta, na safari ya kwanza inakuwa ya ndege. Ukiniuliza cha kwanza kufanya kabla nchi yetu haijakaa na nchi nyingine kuzungumzia biashara huria, nitakuambia tafuta gari uende Hombolo kwenye zabibu, Kibaigwa kwenye mahindi na Singida kwenye alizeti. Ukirudi ndipo ufungue kitabu cha ushuru, maana sasa utakisoma kwa macho mengine.

Kitabu hicho hakina bidhaa inayoitwa "zabibu" tu; kila aina ina namba yake ya forodha. Zabibu mbichi ni 0806.10, zabibu kavu ni 0806.20. Mvinyo wa kwenye chupa ya lita mbili kushuka chini ni 2204.21, na ule unaosafirishwa kwenye matangi makubwa ni 2204.29. Mjadiliano anayerudi akijisifu kwamba zabibu zetu zimeingizwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti, zile zisizofunguliwa haraka, huku 2204.29 akiiachia ushuru sifuri, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Mvinyo wa bei ya chini utaingia kwa tangi, utatiwa kwenye chupa hapahapa nchini, na mwenye kiwanda hatakuwa na sababu ya kupeleka gari Hombolo.

Na nafasi ya kukinga bidhaa ni finyu. Ibara ya 24 ya GATT, mkataba mkuu wa dunia wa biashara ya bidhaa, inataka eneo huru la biashara liguse karibu biashara yote kati ya nchi husika. Katika Eneo Huru la Biashara la Afrika tulikubaliana kwamba asilimia 90 ya mistari ya ushuru, yaani namba za bidhaa kwenye kitabu kile, ifunguliwe, asilimia 7 iwe ya bidhaa nyeti zinazofunguliwa polepole, na asilimia 3 tu ibaki nje. Kwa hiyo kuna watu mtakaowaambia "hapana, yenu haimo". Ni heri ugomvi huo uishe nyumbani, maana upande wa pili ukiusikia utautumia.

Sasa kuna jambo ambalo naona halipewi uzito wake, nalo halimo kabisa kwenye jedwali la ushuru wa forodha. Mkataba wowote wa namna hii huwa na kipengele kinachosema bidhaa ya mwenzako ikishavuka mpaka itendewe sawa na ya kwako. Kinasikika cha haki na kinapita bila mjadala. Lakini kwa muda mrefu sheria zetu za ushuru wa bidhaa, ule unaotozwa humu ndani na si mpakani, zimekuwa zikiutoza mvinyo uliotokana na matunda ya ndani kwa zaidi ya asilimia 75 kiwango kidogo sana kuliko mvinyo mwingine. Tofauti hiyo ndiyo pumzi ya mkulima wa Dodoma. Isome mbele ya kipengele cha kutendewa sawa uone inavyosimama: mwanasheria wa nchi ya pili anahitaji dakika kumi tu kuiona, na kama sisi hatukuiona kabla, tutakuwa tumesaini kuiondoa bila kujua. Mwite afisa wa bajeti wa Wizara ya Fedha akae na mwanasheria wa Viwanda na Biashara, wapitie kila tozo, kila msamaha na kila upendeleo wa ndani, mmoja mmoja. Kazi inachosha, na haiwezi kufanywa usiku wa kuamkia kikao.

Kisha majirani. Tuko ndani ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, wenye ushuru wa pamoja wa asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Tukimfungulia mtu Dar es Salaam, tumemfungulia njia ya kwenda Kenya kupitia mpaka wa Namanga pia, na wenzetu watauliza. Tuliyaona kwenye mkataba wa ubia wa uchumi na Ulaya: Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016, Bunge hapa Dodoma likashauri Novemba mwaka huohuo tusisaini, na mwishowe Kenya ikaenda peke yake kwa mkataba wake ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Sisemi nani alikosea. Ninachosema ni kwamba barua ya kwenda Arusha, makao makuu ya Jumuiya, itangulie, isifuate. Zanzibar nayo iwe ndani ya timu tangu siku ya kwanza, maana biashara ya nchi za nje ni jambo la Muungano. Na wabunge wasiuone mkataba kwa mara ya kwanza unapoletwa kuridhiwa chini ya ibara ya 63(3)(e) ya Katiba.

Kuna watakaouliza, kama yote haya ni mzigo, mkataba wa nini? Wakumbushe mbaazi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje, na bei huku kwetu ikaporomoka mazao yakiwa tayari yako kwenye magunia. Msumbiji walikuwa na hati ya makubaliano na India ya mwaka 2016, na mbaazi zao ziliendelea kupata njia. Katika kikao, basi, usidai ushuru sifuri pekee. Dai pia kwamba nchi ile haitabadilisha masharti ghafla, na ikibidi ibadilishe, itoe taarifa kabla hatujapanda.

Ushuru sifuri wenyewe hausogezi lori. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya vyeti na kipimo kisichozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Huo ni mpaka ambao mahindi yetu yalikuwa hayalipi ushuru hata senti. Ukienda soko la Kibaigwa utakuta bado wapo wanaopima ukavu kwa kung'ata punje: ikilia "kap" imekauka. Jino la mtu mzoefu silidharau, lakini haliandiki cheti. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na hicho kinahitaji kipima unyevu, turubai za kuanikia na ghala lisilovuja. Kwa hiyo kabla ya kusaini ulizeni: majibu ya maabara ya TBS, shirika letu la viwango, yatakubaliwa upande wa pili, au mahindi yatapimwa upya mpakani? Cheti cha afya ya mimea kinatoka kwa siku ngapi? Yaandikwe ndani ya mkataba. Ahadi kwamba wataalamu "wataendelea kushauriana" nimeshaiona mara nyingi, na lori halipiti kwa ushauri.

Uasili wa bidhaa, yaani uthibitisho wa nchi ilikotoka, nao una mitego yake. Niliwahi kusaidia kikundi cha wakamuaji alizeti kupeleka mzigo nje. Cheti cha uasili kilibeba namba ya mafuta ghafi, 1512.11, na ankara ikabeba ya mafuta yaliyosafishwa, 1512.19. Niliuona mgongano ule tukiwa bado ofisini kwa wakala wa forodha. Akasema, "Kaka, itapita." Tulilala mpakani siku nne, tukalipa ushuru kamili kana kwamba hakuna mkataba wowote duniani, na faida ya kikundi ikaishia kwenye maegesho na chapati. Afrika Mashariki kuna cheti rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Katika mkataba mpya dai kitu kama hicho, tena fomu iwe na Kiswahili, kwa sababu wanaobeba magunia kumi ni wengi kuliko wenye makontena.

Alizeti inanikumbusha jingine. Ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ulipolegezwa mwaka 2022, msimu uliofuata wakulima wa Singida na Dodoma walilia na bei. Ule ulikuwa uamuzi wetu wenyewe wa bajeti, tukaweza kuugeuza. Ungekuwa ahadi ndani ya mkataba tusingeugeuza hivihivi. Kwa hiyo kipengele cha kujilinda, kinachoruhusu kurudisha ushuru kwa muda bidhaa zikifurika, kiwe na vigezo vinavyopimika na takwimu tunazozikusanya kweli. Kujilinda kunakohitaji uchunguzi wa miezi 18 hakumsaidii mwenye zao la miezi minne.

Baada ya saini, msitegemee haraka. Mkataba wa Eneo Huru la Afrika ulisainiwa Kigali 21 Machi 2018, ukaanza kuwa na nguvu 30 Mei 2019, biashara ikafunguliwa rasmi 1 Januari 2021, na Bunge letu likauridhia Septemba mwaka huo. Katikati ya tarehe hizo ndipo kazi ilipo: viwango vipya viingizwe kwenye mfumo wa forodha, kanuni zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali, maofisa wa mipakani wafundishwe, na upande wa pili ufanye hivyohivyo. Bajeti ya kazi hiyo itengwe mapema, kwa sababu fedha za semina za uzinduzi hupatikana siku zote na za kuchapisha fomu hukosekana.

Na kabla timu haijapanda ndege, mtu mmoja ajibu swali hili kwa jina na namba ya simu: dereva aliyebeba mahindi ya Kibaigwa akizuiwa mpakani Jumamosi saa mbili usiku, huku karatasi zake zote ziko sawa, anampigia nani hapa Dodoma, na huyo ana mamlaka ya kumpigia nani ng'ambo? Namba hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo sokoni Kibaigwa, kwa maandishi makubwa.