Jinsi ya Kutembelea Maeneo ya Vita Nchini Uganda na Kuhifadhi Kumbukumbu Zake

Chagua vita kabla ya kuchagua mahali. Anayefuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, kwa mfano, ana njia iliyo wazi: aanzie mpakani Mutukula, apite Masaka iliyobomolewa kwa mizinga mwezi Februari 1979, afike Lukaya palipopiganwa mwezi Machi, kisha aingie Kampala iliyotekwa tarehe 11 Aprili. Safari hiyo haitimii bila kuvuka mpaka, kwa sababu wanajeshi wengi wa Tanzania waliofia vitani wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera, na jamaa zao wanayo masimulizi yao. Anayebeba Ngome ya Patiko (ya zama za biashara ya watumwa, karibu na Gulu), Lubiri (kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda) na Luweero (ya vita vya msituni vya miaka ya 1980) katika ziara moja hurudi na picha nyingi na uelewa kidogo.

Ruhusa hutofautiana. Jengo la zamani la uwanja wa ndege wa Entebbe, ambako makomando wa Israeli waliwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, liko katika eneo la jeshi, hivyo usilikaribie bila kibali. Vyumba vya mateso vya Lubiri, Mengo, vimo ndani ya uwanja wa kasri la Kabaka, na huingiliwa pamoja na kiongozi wa wageni. Kijijini anza kwa mwenyekiti wa LC (baraza la serikali ya mtaa), hata pasipo na lango wala tiketi.

Sisi tuliozoea Kiswahili tuna jambo tunalolisahau upesi. Kwa wazee wengi wa Luweero na wa kaskazini, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani na ya aliyegonga mlango usiku. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi, lakini uamuzi huo haukuondoa hofu iliyokwisha kuingia mwilini. Nenda na mtu wa pale anayesema Kiganda, Kiacholi au Kilango, msalimie mzee kwa desturi ya kwao, kisha umwachie yeye achague lugha ya mazungumzo. Siku ya kwanza usirekodi. Unapoanza kuuliza, uliza maisha yalivyokuwa kabla ya vita, nani alilima wapi na soko lilikuwa siku gani. Habari za mauaji zitakuja zenyewe, au hazitakuja, na hilo nalo ni jibu.

Kwenye mnara wa kumbukumbu, nakili maandishi herufi kwa herufi pamoja na makosa yake, andika umewekwa na nani na lini, kisha uwasomee wanakijiji ulichonakili. Barlonyo, katika wilaya ya Lira, inaonyesha kwa nini. Waasi wa LRA (Lord's Resistance Army, kundi la Joseph Kony) waliishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani tarehe 21 Februari 2004. Jiwe la kumbukumbu linataja watu 121 waliouawa, ilhali manusura wanasema walizidi 300. Usichague idadi moja ukaitupa nyingine, wala usitafute wastani. Andika zote mbili na aliyesema kila moja, maana mgogoro wa hesabu ni sehemu ya historia ya mahali hapo.

Huko kaskazini kuna tahadhari nyingine, nayo naiona nzito kuliko zote. Wapiganaji wengi wa LRA walitekwa wakiwa watoto, na leo baadhi yao ni majirani wa familia zilizoumizwa. Jina la mtuhumiwa likisambazwa kwenye simu laweza kuvunja suluhu iliyojengwa kwa miaka mingi, kwa hiyo lifiche hata kama msimulizi amelitaja waziwazi.

Maandishi yaliyo kutani Lubiri usiyaguse. Ukikuta chuma kinachofanana na risasi au bomu, kiache na uwaite polisi. Mifupa isihamishwe, taarifa ipelekwe kwa wenye ardhi, kwa mwenyekiti, na kwa idara ya makumbusho iliyo chini ya wizara ya utalii.

Weka nakala ya sauti na maandishi mahali pawili au zaidi, na mojawapo ibaki kijijini, shuleni au kanisani. Kwa habari za kaskazini, wasiliana pia na kituo cha taifa cha kumbukumbu na amani kilichopo Kitgum. Kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, rudi kwa msimulizi umsomee andiko katika lugha aliyoitumia, na asichotaka kibaki kifutwe katika nakala zote.