Mafundo mawili badala ya kishikizo cha mkufu

Baada ya vishikizo kadhaa vya chuma kunikatikia, nimeona kwamba mkufu wa uzi hufungika vizuri zaidi kwa mafundo mawili yanayoteleza. Kata uzi wa pamba uliotiwa nta, wenye unene wa milimita 1 na urefu wa sentimita 90 hivi, utunge shanga kwanza, kisha upishanishe ncha mbili zitazame pande tofauti. Chukua ncha moja, uizungushe mara mbili kwenye uzi wa upande wa pili, uipenyeze ndani ya mizunguko hiyo na kuikaza, halafu ufanye vivyo hivyo kwa ncha nyingine. Kwa kuwa kila fundo limeukumbatia uzi wa mwenzake, ukiyatenganisha mafundo mkufu hupungua, na ukiyakutanisha hupanuka hadi kupita kichwani, huku msuguano wa nta ukiyazuia yasijiendee. Mzunguko mmoja hautoshi. Nilipoteza kidani kwa uvivu huo. Uzi wa nailoni huteleza hata kwa mizunguko miwili, hivyo ongeza wa tatu, na ngozi nene ngumu usijisumbue nayo. Kwa bangili, hakikisha kiganja kinapita kabla ya kukata masalio ya uzi.