Kuwasha Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 60 bila kuiunguza

Ukipata Deluxe Reverb, amplifaya ya gitaa ya Fender inayotumia valvu, iliyotunzwa vizuri, kitambaa safi, nobu zote zipo, mkono unawasha kuichomeka. Usichomeke! Usafi wa nje hausemi kitu kuhusu kapasita za ndani (vipuri vinavyohifadhi umeme), zile zinakauka hata amplifaya ikiwa imelala tu kabatini. Kuna jamaa mpiga solo hapa Dar kaletewa yake kutoka Marekani, tumeifufua pamoja, na maswali yake ndo yaleyale naulizwa kila siku, so naandika hapa.

1. Jua mwaka
Ndani ya boksi kuna karatasi ya orodha ya valvu (zile taa za kioo za ndani), tafuta mhuri wa herufi mbili. Ya kwanza mwaka (A ni 1951, hesabu kwenda mbele), ya pili mwezi. OC = Machi 1965.

2. Toa umeme uliobaki
Plagi nje, chesi (fremu ya chuma yenye vipuri) nje. Kapasita kubwa zinaweza kuwa bado na volti zaidi ya 400 na hizo zinaua, sio utani. Unganisha kapasita na chesi kwa rizista ya 10k yenye waya na klipu, mkono mmoja mfukoni umeme usipite kifuani, halafu pima na multimita. Mambo ya kupiga shoti na bisibisi waachie wengine.

3. Ethi
Waya wa pini mbili tupa, funga wa pini tatu, ethi iwe na boliti yake kwenye chesi. Kile kikapasita cha 0.047 kilichounganishwa na swichi ya ground, kata. Kikipiga shoti, chesi yote inapata umeme mpaka nyuzi za gitaa. Wakusanyaji watakwambia umeshusha thamani, waambie washike wao gitaa kwanza.

4. Kapasita
Badilisha zile za 16 mikrofaradi 450V chini ya kofia ya bati, na ya bayasi (volti inayopanga mkondo wa valvu za nguvu), 25 mikrofaradi 50V. Angalia chanya na hasi. Kapasita ndogo za bluu na rizista za zamani usiguse, sauti iko humo.

5. Kuwasha (hapa taratibu)
Mashine ni ya volti 117, sisi Tanzania tuna 230, Kenya 240, kwa hiyo lazima transfoma ya kushusha. Chukua ya kutoa 110, sio 120, maana umeme wetu ukipanda mpaka 245 unapata 117 kamili, na tena transfoma ya ndani ilitengenezwa kwa 60Hz, kwenye 50Hz yetu inachemka zaidi, usiiongezee mzigo. Wati 300 kwenda juu, vile vidude vya wasafiri achana navyo.

Sasa kitu kilichotutoa jasho jioni nzima: mngurumo. Tulipima valvu, tukarudia lehemu, hola. Kumbe soketi ya 110 ya ile transfoma ina tundu la ethi la urembo tu, ndani halijaunganishwa popote, yaani ethi yote ya hatua ya 3 ilikuwa bure, na hiyo ni hatari kuliko kelele yenyewe. Pima kutoka tundu la ethi la 110 mpaka pini ya ethi ya plagi, multimita isipolia usiitumie.

Halafu balbu, ya kuzuia umeme mwingi kama kuna shoti. Iunge kwa mfululizo upande wa 230, kabla ya transfoma. Iwe ya waya, LED haifanyi kazi hii, na za waya siku hizi utazunguka maduka. Anza na wati 60, valvu zote nje: itamulika kidogo ifife. Ikibaki inawaka sana kuna shoti, zima. Ikififia weka valvu ndogo, kisha GZ34 (valvu inayogeuza AC kuwa DC), mwisho 6V6 (valvu za nguvu) ukiwa na balbu ya wati 100. Wanaokushauri upandishe volti polepole na variaki (transfoma ya kurekebisha volti) wanasahau GZ34 haipitishi kitu mpaka ipate moto, kwa hiyo kapasita zinangoja bure halafu zinapokea volti kwa mkupuo.

6. Bayasi
Balbu toa. Miliampia 20 mpaka 23 kwa kila 6V6 kama pleti (anodi ya valvu) iko 415V.

7. Potensiometa
Dawa ya kusafishia, zungusha. WD-40 hapana.

Na spika iwe imechomekwa kabla ya kila kuwasha, hata kwa majaribio ya sekunde chache, transfoma ya kutolea sauti haisamehi.