Saraka ya NFS Inapogoma Kufunguka

Amri ya df, inayoonyesha nafasi ya diski, ikiganda kwenye Linux bila kutoa jibu, usikimbilie kuilaumu diski, kwa maana mara nyingi kuna saraka ya NFS (mfumo wa kutumia faili za seva kupitia mtandao) ambayo seva yake haipatikani, na upachikaji (mount, yaani kuiunganisha saraka hiyo na kompyuta yako) wa kawaida, ule wa hard, huzifanya programu zisubiri hadi seva irudi. Wakati unachunguza, tumia df -l, inayoonyesha diski za ndani pekee.

Anza na mtandao. Toleo la 4 la NFS huhitaji poti 2049 ya TCP tu, ilhali toleo la 3 huhitaji pia poti 111 na ile ya mountd (programu ya seva inayopokea maombi ya upachikaji), hivyo ngome ya mtandao hulizuia kwa urahisi zaidi. Amri ya showmount -e, inayoorodhesha saraka zinazotolewa na seva, ikishindwa kwenye seva ya toleo la 4 pekee, hilo si kosa, kwa kuwa amri hiyo huitegemea mountd.

Ukinyimwa ruhusa, soma kwa makini /etc/exports kwenye seva, faili inayosema nani anaruhusiwa kutumia saraka zipi. Mstari huu una mtego:

/data 10.0.0.5 (rw)

Nafasi iliyo kabla ya mabano huipa dunia nzima ruhusa ya kuandika, huku 10.0.0.5 ikibaki na ruhusa ya kusoma tu. Iondoe nafasi hiyo, kisha endesha exportfs -ra ili seva iisome upya faili hiyo.

Ujumbe wa "Stale file handle" hutokea saraka inapofutwa au kubadilishwa kwenye seva. Ondoa upachikaji kwa umount -l, kisha upachike upya. Faili zote zikionekana kuwa mali ya nobody (mtumiaji asiye na haki maalumu), linganisha jina la domeni katika /etc/idmapd.conf kwenye seva na kwenye kompyuta yako.